Diwani Aliyesahau Kutaniwa

Mkutano wa kwanza wa kampeni wa Adija binti Mbaruku ulifanyika baharini. Si ufukweni, baharini hasa, maji yakiwa magotini, na waliohudhuria hawakuwa wamekaa wala kusimama. Walikuwa wameinama.

Ilikuwa bamvua, siku zile ambazo bahari hujivuta mbali mno, mpaka mtu akisimama penye mikoko ya Funguni haoni maji, anaona mng'ao tu. Wanawake wa mwani hawana siku nyingine. Maji yakipwa wanatoka majumbani na kamba zao begani, wanatembea juu ya mchanga uliobakiwa na maji membamba kama kioo, na kwa kuwa mbingu yote imelala ndani ya kioo kile, ukiwatazama kwa mbali utaapa kwamba wanatembea juu ya mawingu. Wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba, wananyoosha mgongo, wanainama tena. Maji yakianza kurudi, nao wanarudi. Sasa mgombea gani angewapata? Wenzake wote walifunga turubai na vipaza sauti katika uwanja wa shule, wakawahutubia wazee wachache, mbuzi, na watoto waliokuja kutazama gari.

Adija mwenyewe alikuwa mwanamke wa mwani tangu usichana. Aliposema anagombea udiwani wa kata ya Funguni, kusini kidogo mwa mji wa Bagamoyo, watu walidhani anacheka nao. Mumewe, Mwinyijuma, fundi seremala mpole asiyependa maneno mengi, alimuuliza jambo moja tu: "Na nani atakusikiliza, mke wangu?"

"Wanaonijua," Adija akasema, akapandisha kanga yake, akaingia majini.

"Shoga zangu," aliwaambia, huku mikono yake inamsaidia jirani kufunga mwani, maana hakutaka kumchelewesha mtu kwa ajili ya hotuba. "Kila siku tunapita mkondo ule wa mikoko na mizigo kichwani, tope linatufika mapajani. Sidai lami mimi. Nadai daraja la miguu, la mbao. Na mbao mume wangu anazijua."

Walicheka, na kabla kicheko hakijaisha, sauti ya mwanamume ikaja kutoka upande wa mwambani.

"Msimchague huyo!"

Alikuwa Mahmoud, mtoto wa mjomba wake Adija, mnunuzi wa pweza na mpishi wa supu ya pweza pale sokoni. Alikuwa anarudi na ndoo yake, suruali ameikunja, kofia ya kiua imekaa upande.

"Msimchague! Mimi namjua tangu yumo tumboni mwa shangazi yangu. Anakoroma huyo! Anakoroma mpaka majogoo wa majirani wanadhani kumekucha. Mkimpeleka kwenye baraza la madiwani atalala, na kwa mkoromo wake hatalala mwingine!"

"Funga mdomo, uso kama kifuu!" Adija akamjibu bila kuinua kichwa.

"Jamani, mke wangu amenikasirikia," Mahmoud akawalalamikia wanawake. "Leo nani atanipikia?"

"Kapikiwe na pweza wako!"

Bahari nzima ikacheka.

Huko pwani mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani wa kuzaliwa. Hakuna anayewafundisha. Mtani wako atakuita mke, mwizi, kunguru, atakwambia mbele ya watu maneno ambayo ndugu wa tumbo moja angepigwa kwa kuyatamka, na wewe huna ruhusa ya kununa. Una ruhusa ya kujibu tu. Kwa hiyo Mahmoud alipoanza kumfuata Adija kila mkutano, akipaza sauti kutoka nyuma kwamba asichaguliwe kwa sababu ni mchoyo wa nazi, kwa sababu akiingia ngomani anakanyaga vidole vya wenzake, kwa sababu alipokuwa mdogo alimwogopa bata, watu waliacha mikutano mingine wakaja kwenye ule. Wagombea wengine walisifiwa na wapambe wao. Adija peke yake alitukanwa na mtu wa kwao, na kwa masikio ya Funguni hiyo ilikuwa sifa isiyoweza kununuliwa. Anayetaniwa ni mtu wa watu. Asiye na mtani, nani anajua ametoka wapi?

Akashinda.

Na daraja likajengwa, hebu fikiri! Lilikuwa jembamba, la mbao nyekundu, likijipinda katikati ya mikoko kama nyoka aliyeshiba, na siku ya kwanza wanawake walilipita polepole mno, wengine wakirudi nyuma ili walipite tena. Chini yao kaa waliingia na kutoka matopeni. Adija alisimama mwisho wa daraja, penye mwanga, akawaona wanatokea mmoja mmoja kutoka kivulini, miguu mikavu, na akahisi kitu ambacho hakuwahi kukihisi hata siku ya kiapo. Alihisi kama ameota ndoto kisha ndoto ikamfuata nje.

Labda ndipo ilipoanzia. Mtu akishaona ndoto yake inakanyagwa kwa miguu ya watu, anaanza kuota nyingine kubwa zaidi. Adija aliupenda ukumbi wa halmashauri: meza zake ndefu zinazong'aa, vipaza sauti vyenye taa ndogo nyekundu inayowaka ukibonyeza, ukimya unaoshuka ukishaiwasha. Huko mtu hakatizwi. Huko wote wanaitana Mheshimiwa. Alipigania paa la zahanati akalipata, akapigania vichanja vya kuanikia mwani akavipata, akachaguliwa tena kwa kipindi cha pili bila jasho jingi, na watu wa wilayani wakaanza kunong'ona kwamba mama huyu anaweza kufika mbali. Naye akawa anaupenda mnong'ono ule. Wakati mwingine, katikati ya mazungumzo, macho yake yaliondoka yakaenda kukaa mahali, na mtu anayezungumza naye alilazimika kungoja arudi.

Mahmoud hakuacha. "Mke wangu siku hizi hata kupiga chafya anaomba utaratibu kwa mwenyekiti!" alimtania sokoni. Mwanzoni Adija alijibu. Baadaye akawa anacheka bila kujibu. Kisha akawa anatabasamu. Mwishoni alikuwa anarekebisha ushungi wake na kuuliza bei ya nazi.

Hakujua kwamba ameacha. Vitu vya namna hiyo mtu havioni vikienda, kama asivyoona maji yanapokupwa. Anageuka tu na kukuta mchanga.

Mwaka wa mwisho wa kipindi cha pili, mama yake alifariki. Bi Maulida alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake, na ndiye aliyemlea Mahmoud baada ya mama mzazi wa Mahmoud kuondoka. Alifariki Alhamisi asubuhi, na kufikia adhuhuri uwanja wa nyumba ulijaa. Wanawake wa mwani walikaa kwenye mikeka. Lakini safari hii walikuja na wengine: magari mawili kutoka wilayani, madiwani wenzake, waheshimiwa wenye miwani myeusi waliokalia viti vya plastiki na kutazama saa zao kwa adabu.

Maiti ikaoshwa, ikakafiniwa, ikaswaliwa. Wanaume wakaliinua jeneza. Na walipofika mlangoni wakamkuta Mahmoud amesimama katikati ya mlango, mikono ameitanua, huku na huku.

"Hatoki," akasema.

Wenyeji walijua kinachokuja. Ndivyo watani wanavyofanya, wanaizuia maiti njiani mpaka watu wacheke katikati ya kilio, ili msiba usiwe mzito peke yake. Mahmoud alikuwa amejifunga ushungi kichwani, kanga ya marehemu mwenyewe, na ameshika mwiko kama kipaza sauti. Akasafisha koo. Na sauti iliyotoka ilikuwa ya Adija kabisa, ile sauti ya ukumbini, ya polepole, yenye vituo.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa heshima na taadhima, naomba marehemu asizikwe leo. Bajeti ya kaburi haijapitishwa! Aidha, Mheshimiwa Mwenyekiti, kutoka hapa mpaka peponi barabara ni mbaya, na mimi kama diwani, ninaahidi, ninaahidi, ninaahidi..."

Kicheko kilipasuka kwenye mikeka, kicheko cha watu waliokuwa wanalia, kile kinachotoka na makamasi. Mahmoud naye machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, wala hakuyafuta. Alikuwa anamlilia shangazi yake kwa njia pekee aliyokuwa anaijua, na wote walimwona, isipokuwa mmoja.

Adija alikuwa anawatazama waheshimiwa. Aliona mmoja amekunja uso. Aliona mwingine amemwinamia jirani yake kumuuliza kitu. Akasikia sauti yake ya ukumbini inachezewa mbele ya ukumbi wenyewe, na damu ikampanda.

"Mtoeni huyu," akasema. Akageuka kuwatazama vijana wa mgambo waliokuja na msafara. "Mtoeni, amelewa."

Mahmoud hakuwa mlevi, hata tumbaku hakugusa. Mgambo wawili wakamshika makwapani. Hakubisha. Mwiko ukamwanguka, na mahali pale pote pakawa kimya hata sauti ya kuku ikasikika nyuma ya nyumba. Ushungi ulimteremkia begani. Alimtazama Adija kwa mshangao mtupu, kama mtu aliyepiga hodi nyumbani kwake akaulizwa yeye nani.

Bi Maulida akazikwa bila kucheka na mtu.

Hakuna aliyemsema Adija usoni. Lakini uchaguzi ulipofika miezi michache baadaye, mikutano yake ilikuwa na turubai zuri, kipaza sauti kizuri, na watu waliokaa kimya kama waliokuja kusomewa notisi. Hakuna sauti iliyotoka nyuma. Mpinzani wake alikuwa Abdillah, mwalimu mstaafu asiye na lolote la kukumbukwa, hata hotuba zake alizisahau yeye mwenyewe. Abdillah akashinda.

"Daraja wanalipita wao," Adija alimwambia mumewe, "na kura wanampa Abdillah."

Mwinyijuma alikuwa analainisha ubao kwa randa. "Daraja ni la mbao, mke wangu. Watu hawajibiwi na mbao."

Basi Adija akarudi kwenye mwani. Na hapa mtu angesema: masikini, ameshuka. Lakini bahari haikujua kwamba aliwahi kuwa Mheshimiwa. Ilimlowesha kanga ileile, ilimkwaruza miguu kwa kombe zilezile. Miguu yake ilikumbuka njia. Alipoinama juu ya kamba zake na kuona uso wake unayumba kati ya mawingu na mwani, alikuwa anasahau hata mwaka anaoishi. Kiti aliweza kukikosa, akashangaa jinsi alivyoweza.

Kilichomshinda ni Mahmoud.

Mahmoud hakumnunia. Laiti angemnunia! Walipokutana mwambani alisimama, akaweka ndoo chini, akainamisha kichwa. "Shikamoo, Mheshimiwa." Yeye, aliyemzidi Adija umri! Hakusema kwa kejeli. Alisema kama anavyosemeshwa mgeni wa serikali. Aliuliza hali ya nyumbani, akaagana vizuri, akaenda zake. Sokoni alimpisha njia. Miaka ikapita hivyo, adabu juu ya adabu, na Adija akagundua kwamba hakuna ukuta mrefu kama ule. Alikuwa na dada, alikuwa na shoga, alikuwa na mume. Lakini mtu wa kumwambia anakoroma hakuwa naye tena duniani. Mama yake amekufa, na mtani wake anamwamkia.

Alianza kuota ndoto moja. Yuko chini ya maji anahutubia, na kila neno linamtoka kama povu, linapanda juu, na juu kuna watu wanayatazama mapovu yanapasuka wala hawasikii kitu. Katika ndoto ile alikuwa anangoja. Anangoja mtu apaze sauti kutoka nyuma.

Uchaguzi mwingine ulipokaribia, alisema atagombea tena. Shoga yake Mwanamkasi, mwenyekiti wa kikundi cha mwani, mwanamke mwenye ulimi kama kisu cha kukwangulia samaki, alimtazama kwa jicho moja.

"Unataka kiti, au unamtaka Mahmoud akutukane?"

Adija akarekebisha ushungi wake.

"Niambie, nijue ninakufanyia kampeni ya nini."

"Nikisimama jukwaani," Adija akasema polepole, "na yeye akanyamaza, hata nikishinda nitakuwa mgeni. Sitaki kuwa diwani wa mahali ambapo mimi ni mgeni."

"Basi kamwombe radhi, yaishe."

Wakaenda wote wawili, asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Mahmoud alikuwa anakoroga sufuria yake, mvuke wenye tangawizi na ndimu unamzunguka. Alipowaona akalifuta benchi kwa kitambaa safi.

"Karibu, Mheshimiwa. Karibu, Bi Mwanamkasi."

"Mahmoud, nimekuja kukuomba radhi. Kwa siku ile ya mama."

"Nimeshakusamehe, Mheshimiwa. Zamani sana. Binadamu hukosea."

"Umenisamehe kweli?"

"Wallahi, sina kinyongo." Na alikuwa anasema kweli, ilionekana machoni. Akawatilia supu, bakuli mbili, akawakamulia ndimu, akakataa malipo, akarudi kukoroga. Adija alikunywa supu ile polepole, akingoja. Hakuna hata neno moja baya lililotoka kwa mwanamume yule. Hakusema hata kwamba amenenepa!

Njiani kurudi, Mwanamkasi alikuwa anaruka madimbwi. "Sasa si amekusamehe? Mbona unatembea kama umefiwa?"

"Kanisamehe kama mtu anavyomsamehe hakimu."

Mwanamkasi akasimama ghafla katikati ya njia, mkono kiunoni.

"Unajua sisi ni wajinga? Wajinga wakubwa! Tangu lini mtani akaombwa radhi, Adija? Radhi anaombwa mkwe. Radhi anaombwa jirani. Ukimwomba mtani radhi ndiyo umemwambia si mtani wako tena, naye kakujibu kwa adabu ulizomletea. Mtani anatukanwa, mwanamke! Mara ya mwisho ulimtukana lini?"

Adija akafikiri. Alifikiri mpaka wakafika penye daraja, akafikiri juu ya daraja, na hakukumbuka. Miaka yote ile alikuwa anatukanwa yeye tu. Alichukua, hakurudisha. Hata kabla ya msiba alikuwa ameshamwacha Mahmoud anacheza peke yake, kama mtu anayepiga ngoma kwa mkono mmoja.

Bamvua iliyofuata akaitisha mkutano baharini, kama ule wa kwanza. Wanawake wakaja, wakainama kwenye kamba zao. Ilikuwa moja ya siku zile ambazo upepo umesinzia na huwezi kuona mahali maji yanapoishia na mbingu inapoanzia, vitu vyote vinaelea, hata sauti. Adija aliongea kuhusu bei ya mwani na mbao za daraja zilizoanza kuoza, lakini macho yake yalikuwa mwambani. Na akamwona anakuja, mdogo kwanza, kama alama ya kalamu, kisha mkubwa, na ndoo yake.

Alipokaribia, Mahmoud akaweka ndoo chini, akainamisha kichwa ili aamkie.

"Mahmoud!" Adija akapaza sauti mpaka ndege wakaruka. "Usiniamkie! Mimi nilidhani pweza anabadilisha rangi kwa woga. Kumbe ni aibu! Anatoka kwenye pango lake zuri, anaangalia nani kaja kumnunua, anauona uso wako, anasema, ya Rabi, nimefikia hapa?"

Mikono ya wanawake ikasimama kwenye kamba. Mmoja akaguna, akajiziba mdomo. Mahmoud alibaki ameinama nusu, kama alivyokuwa. Maji yalimzunguka miguuni bila sauti. Adija alijua kwamba hakuna kura itakayohesabiwa popote itakayomtisha kama kimya kile.

Mahmoud akafungua mdomo. Akaufunga. Akaokota ndoo.

"Sawa, Mheshimiwa," akasema, akaenda zake.

Walimtazama akipungua kwenye mng'ao mpaka akamalizika. Adija akamalizia hotuba yake, maana hakujua la kufanya na mikono yake. Maji yalipoanza kurudi walirudi nayo.

Kampeni zikaendelea. Adija alizunguka kata yake kama anayetembea usingizini. Alisema yanayopaswa kusemwa, kuhusu zahanati, kuhusu maji, na watu waliitikia kwa adabu. Mumewe alimtengenezea jukwaa jipya la mbao, imara, lisiloyumba, na Adija alilishukuru kwa mkono, akilipapasa, akifikiri kwamba hilo ndilo pekee litakalomkumbuka.

Mkutano wa mwisho ulikuwa uwanja wa shule. Jua lilikuwa limelegea, vumbi la dhahabu limening'inia hewani halitui. Waliokuja hawakujaza hata nusu ya uwanja. Adija akapanda jukwaani, akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi wa Funguni..."

"Msimchague huyo!"

Sauti ilitoka nyuma kabisa. Watu wakageuka kama shamba la mpunga linapopigwa na upepo. Mahmoud alikuwa anapenya katikati yao, aproni ya supu bado imemning'inia shingoni, anahema.

"Msimchague! Wallahi, mwanamke huyu alinitukana baharini mbele ya watu, nikakosa jibu! Mimi! Mimi Mahmoud! Nikamwita Mheshimiwa kwa sababu neno lilikuwa halipo mdomoni! Sijalala tangu siku ile. Supu imeungua mara mbili. Muulizeni mke wangu wa nyumbani, hata naye kanichoka. Natafuta jibu, silioni. Leo nimelipata!"

Akafika chini ya jukwaa, akawageukia watu.

"Kioneeni huruma kiti! Kiti cha udiwani kimepumzika kutoka kwa mama huyu, kimepona mgongo, kimenenepa, kimeanza kuzungumza na meza. Sasa anataka kukirudia! Mnafikiri baraza la madiwani lilikuwa linaita fundi kila mwaka kwa nini? Na mumewe ni seremala! Mnadhani alimwoa kwa mapenzi? Alioa kazi!"

Mwinyijuma, yule asiyependa maneno, alikuwa amekaa pembeni ya jukwaa lake. Akaanza kutikisika mabega, kisha akacheka kwa sauti ambayo Funguni haikuwahi kuisikia, na watu wakacheka kwa sababu ya Mwinyijuma, kisha wakacheka kwa sababu wamecheka.

Adija akaweka kipaza sauti chini. Hakukihitaji.

"Mahmoud, shuka kwenye hicho kisigino unachosimamia, tukuone! Ah, kumbe umeshashuka?"

"Mwanamke, mimi ni mfupi kwa sababu utotoni nilibebeshwa wewe!"

"Ulinibeba wewe? Ulibebwa na mama yangu mpaka ukaota ndevu!"

Alilitaja neno mama bila kujua kama analitaja, na likapita. Halikuanguka. Mahmoud alilidaka kama alivyodaka mengine. "Na angeendelea kunibeba," akajibu, sauti yake ikakatika kidogo hapo, "kama usingemmalizia nguvu kwa mkoromo!"

Watu wakatoka majumbani. Wenye bodaboda wakazima pikipiki. Wakatukanana hivyo, wawili hao wenye mvi, hata wasimamizi wakapiga filimbi kwamba saa kumi na mbili imefika na sheria ya kampeni hairuhusu zaidi. Wakashuka, wakaendelea njiani. Walipofika penye njia panda Mwanamkasi ndiye aliyeshika kichwa.

"Shoga! Hukuomba kura! Mkutano mzima, hukuomba hata moja!"

Kweli, hakuomba. Akamtazama Mwanamkasi kama mtu anayeamshwa, kisha akaendelea kutembea.

Alirudishiwa kiti, si kwa kishindo. Abdillah alimpa mkono, akasema ana hamu ya kulala mchana. Mbao za daraja zinabadilishwa hivi sasa, na Adija bado anaenda ukumbini na kuwasha ile taa nyekundu. Lakini yeye mwenyewe hahesabu kurudi kwake tangu siku ya matokeo. Anahesabu tangu asubuhi ya kupiga kura.

Siku ile alikwenda kituoni mapema, umande haujakauka, akapanga foleni kama watu wengine. Na kituoni, kama kila mtu ajuavyo, ni marufuku kumpigia mgombea kampeni, na ni marufuku pia kumpinga. Askari alikuwa amesimama mlangoni. Adija akasikia mtu amekuja kujipanga nyuma yake. Harufu ya tangawizi na ndimu ikamfikia. Hakugeuka.

Mahmoud hakusema neno. Hakuruhusiwa. Alivuta pumzi, akaizuia, akaiachia. Akakohoa. Askari akamtazama. Foleni ilisogea kidogo, ikasimama, na mtu yule nyuma yake alikuwa amejaa maneno mpaka yanamwagika kwenye pua, anatetemeka kwa kuyazuia, na Adija aliyahisi mgongoni, yote, bila kuyasikia, kama unavyohisi bahari inaporudi kabla hujageuka kuiona. Akafumba macho pale pale kwenye foleni. Jua lilikuwa linapanda, na hakuwa na haraka hata kidogo ya kufika mbele.